Ikilinganishwa na Nini?

Katika darasa letu la mwaka wa tatu, kila ripoti ya mradi hupitiwa na mwanafunzi mwingine kabla haijafika kwa mhadhiri. Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja: nafasi ya maoni, nafasi ya alama, na chini kabisa mstari wa kutia sahihi. Muhula uliopita nilipewa ripoti ya rafiki yangu, ambaye nimekaa naye dawati moja tangu tulipoanza chuo hapa Kampala. Alikuwa ameandika programu ya kukokotoa joto katika bamba la chuma linalopashwa moto upande mmoja, akaigawa kazi hiyo kwa viini vinne vya prosesa. Mchoro wake ulikuwa na mstari unaopanda vizuri: viini vinne, kasi mara 3.6. Niliandika, "Kazi nzuri sana, matokeo yanaridhisha," nikatia sahihi. Sikutumia hata nusu saa.

Siku ya kuwasilisha, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyeingia ukumbini nadhani kwa ajili ya soda, aliinua mkono. "Samahani dada, mara tatu nukta sita ikilinganishwa na nini?" Rafiki yangu akajibu kwamba ni ikilinganishwa na programu hiyohiyo kwenye kiini kimoja. Kijana akauliza tena kama ipo njia nyingine ya kutatua mlinganyo huo kwa kiini kimoja, na ingechukua muda gani. Ukumbi ukawa kimya. Baadaye, tulipokuwa tukishuka ngazi, rafiki yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ndugu yangu, wewe ulisoma nini?"

Sisi tunaosoma Kiswahili pamoja na Hisabati hukutana na neno uhakiki katika madarasa mawili yasiyojuana. Katika darasa la fasihi, mhakiki na msomaji wana matini ileile mikononi. Nikidai kwamba mhusika fulani ni mnafiki, unaweza kuifungua tamthilia ukaniumbua. Katika utafiti wa programu zinazotatua milinganyo kwa kutumia prosesa nyingi kwa wakati mmoja, mambo hayako hivyo. Kinachomfikia mhakiki ni masimulizi. Tukio lenyewe lilitokea kwenye mashine ambayo pengine hataiona maishani, kwa programu ambayo pengine hakupewa, na ushahidi ni jedwali na mchoro. Mhakiki huyo kwa kawaida halipwi, na mwandishi hamjui kwa jina, lakini ndiye anayemshauri mhariri kama makala ichapishwe au irudishwe. Kazi hiyo huitwa mapitio ya wanataaluma wenza. Nimesoma maandishi matatu yanayokosoa utafiti wa aina hii, na katika kila moja nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja: yule aliyetia sahihi.

Nianze na bamba la chuma, maana bila hilo mengine yatakuwa maneno matupu. Ligawe bamba katika gridi ya nukta 200 kwa 200, yaani nukta 40,000. Joto likishatulia, kila nukta ya ndani huwa na joto lililo sawa na wastani wa majirani zake wanne. Njia ya Jacobi, inayoitwa kwa jina la mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19, inalifuata jambo hilo kama lilivyo. Unaanza na makisio yoyote, kila nukta inachukua wastani wa majirani kama walivyokuwa katika duru iliyopita, kisha unarudia. Kwa kuwa kila nukta inatazama thamani za zamani tu, hakuna anayemsubiri mwenziwe. Kipe kila kiini robo ya bamba, navyo vitafanya kazi kama vibarua wanne kwenye shamba moja, kila mmoja na matuta yake, wakikutana mpakani tu. Ni njia inayogawanyika kwa urahisi mno.

Taabu ni kwamba inakwenda mwendo wa kobe. Habari za joto husafiri nukta moja tu kwa kila duru. Ili kupunguza kosa mara milioni moja kwenye gridi hiyo, Jacobi huhitaji duru kama 113,000. Njia ya Gauss-Seidel, inayotumia thamani mpya mara tu inapopatikana, huhitaji takriban nusu yake, lakini hapo jirani inabidi amsubiri jirani, kwa hiyo kuigawa kunataka ujanja. Njia ya konjugeti gradienti, iliyochapishwa na Hestenes na Stiefel mwaka 1952, haifiki duru 1,000. Kila duru yake ina kazi kama mara tatu ya duru ya Jacobi. Basi piga hesabu. Jacobi kwenye viini vinne, ikiwa imeongezewa kasi mara 3.6, itachukua muda wa duru kama 31,000 za kiini kimoja. Konjugeti gradienti kwenye kiini kimoja itachukua muda wa duru kama 3,000 hivi. Kiini kimoja kinawashinda wanne kwa takriban mara kumi.

Rafiki yangu hakudanganya. Namba yake ilikuwa ya kweli, ila ilijibu swali ambalo mtu mwenye bamba la chuma asingeliuliza. Yeye anataka kujua atasubiri sekunde ngapi. Na mimi nilikuwa nimesoma njia zote tatu muhula mmoja kabla. Nilizifanyia mtihani.

Maandishi ya kwanza niliyoyageukia ni ya David H. Bailey. Mwaka 1991, akiwa mtafiti katika kituo cha NASA Ames huko California, alichapisha katika jarida la Supercomputing Review makala fupi inayotoa mbinu kumi na mbili za kuwahadaa watu unapotangaza kasi ya kompyuta sambamba. Wakati huo makampuni yaliyotengeneza mashine za prosesa nyingi yalikuwa yakiwagombea wateja waliozoea mashine za Cray, na kila kampuni ilikuja na namba zake. Mwanafunzi wa fasihi anaitambua makala hii tangu aya ya kwanza: ni tashtiti. Mwandishi amejivika joho la mshauri mwema, anawaelekeza watafiti jinsi ya kupotosha bila kusema uongo. Toa matokeo ya namba za biti 32, usitaje yale ya biti 64. Pima kitanzi cha ndani tu, kisha yatangaze matokeo hayo kana kwamba ni ya programu nzima. Jilinganishe na programu kuukuu kwenye mashine iliyopitwa na wakati. Pima kazi yako kwenye mashine uliyoachiwa peke yako, na ya mwenzako kwenye mashine yenye msongamano. Yote yakishindikana, onyesha picha za kupendeza na video, usizungumzie kasi kabisa.

Mbinu ya kumi ndiyo iliyonichoma. Inashauri uiharibu njia ya hesabu mpaka ilingane na umbo la mashine, na Bailey anaeleza kwamba wapo wanaochagua njia dhaifu kihesabu kwa sababu tu zinazaa namba za kuvutia. Hilo ndilo bamba letu la chuma, lilikwisha kuandikwa kabla sijazaliwa.

Makala hii naipenda, na nimewasomea wenzangu bwenini wakacheka. Lakini ina pengo. Tashtiti huwa na mlengwa, na mlengwa wa Bailey ni mtafiti anayetangaza matokeo. Anayehadaiwa ni umma, kundi la watu wasio na sura. Kati ya hao wawili kuna mtu amekaa, tena amekaa mlangoni, naye karibu haonekani. Ni kama methali yetu ya mgema anayesifiwa hata akalitia tembo maji. Lawama yote humwendea mgema. Sijasikia mtu akimuuliza msifu kama alilionja. Mbinu za Bailey zikiwa ndani ya makala ya jarida au ya kongamano, haziufikii umma mpaka mhakiki azipitishe. Kwa kumwacha nje, Bailey alimpa kila mhakiki nafasi ya kucheka pamoja naye. Kila aliyecheka alidhani anachekwa mwingine.

Mbinu yake ya nne ni tofauti kidogo, kwa sababu inaonyesha kwamba kosa haliko katika ukubwa wa namba. Bailey anawakejeli wanaolikuza tatizo kadiri prosesa zinavyoongezeka, kisha wakanyamaza. Gene Amdahl alikuwa ametoa hoja mwaka 1967 kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka dari: ikiwa ni asilimia 5, huwezi kuzidi kasi mara 20 hata ukiwa na prosesa milioni. Ni kama arusi yenye wapishi hamsini na ufunguo mmoja wa stoo. Kisha mwaka 1988 John Gustafson na wenzake katika maabara za Sandia, Marekani, walitangaza matokeo ya mashine yenye prosesa 1,024. Kasi ilizidi mara 1,000 kwa matatizo matatu, mojawapo likiwa uchanganuzi wa boriti kwa konjugeti gradienti. Walilikuza tatizo kadiri prosesa zilivyoongezeka, kwa hoja kwamba mtu anayepewa mashine kubwa zaidi huwa hana nia ya kumaliza haraka kazi ileile ndogo. Hufanya kazi kubwa zaidi. Unaweza kuikubali hoja hiyo au kuikataa, maana waliiweka wazi, na walitoa pia kasi za tatizo lisilokuzwa, ambazo zilizidi 500. Msomaji alipewa mizani zote mbili. Kati yao na wale wanaokejeliwa na Bailey, tofauti ni ukimya tu, na ukimya ndio kitu ambacho mhakiki amewekwa pale auvunje.

Je, kicheko cha 1991 kilisaidia? Mwaka 2015 Torsten Hoefler na Roberto Belli, wa ETH Zurich huko Uswisi, walichapisha makala ambayo kichwa chake kinakigeuza cha Bailey: badala ya njia kumi na mbili za kuwahadaa watu, njia kumi na mbili za kuwaeleza. Walichukua sampuli ya makala 120 kutoka makongamano matatu yanayoheshimika katika taaluma hii, na 95 kati yake ziliwafaa kwa uchunguzi. Makala 39 zilitoa uwiano wa kasi kama wa rafiki yangu. Katika hizo 39, makala 15 hazikutaja kasi halisi ya kazi ya msingi iliyotumiwa kulinganishia. Asilimia 38. Yaani msomaji anaambiwa "mara 40" na haambiwi mara 40 ya nini. Karibu robo karne imepita, na watu bado wanapima gunia kwa jiwe wasilolijua uzito.

Hoefler na Belli wanaandika kwa upole zaidi kuliko Bailey, na kanuni zao ni nzuri. Ile ya kutaja msingi wa ulinganisho ndiyo ya kwanza. Hata hivyo wanazielekeza kwa waandishi vilevile. Mimi ningeihesabu upya takwimu yao. Kila moja ya makala zile 15 ilipitia mikononi mwa wahakiki kadhaa kabla ya kukubaliwa, tuseme watatu. Hao ni watu zaidi ya arobaini, wenye shahada za uzamivu wengi wao, waliotazama mstari unaopanda bila kuuliza unapandia wapi. Au waliuliza, na mhariri hakujali, jambo ambalo ni baya zaidi. Nami sasa ni wa arobaini na ngapi sijui, kwa daraja la chini kabisa.

Utetezi wa kawaida wa mhakiki ni kwamba hana mashine. Na kweli hana. Maabara yetu ina kompyuta za kutosha darasa moja kwa zamu, na umeme ukikatika tunaenda kunywa chai. Kabla ya mkasa huu nilidhani mtu wa hali yetu, akiletewa makala ya prosesa elfu moja, kazi yake ni kusoma na kuamini. Aliyenitoa katika dhana hiyo ni Frank McSherry, pamoja na Michael Isard na Derek Murray, katika makala yao ya mwaka huohuo 2015. Waliitazama mifumo mikubwa ya kuchakata mitandao ya viungo, wakauliza inahitaji viini vingapi ndipo ishinde programu iliyoandikwa vizuri inayotumia kiini kimoja tu. Kazi mojawapo waliyoipima ni PageRank, ambayo kiini chake ni kutatua mfumo mkubwa wa milinganyo kwa kurudiarudia, ndugu wa damu wa bamba letu. Kwa mtandao wa Twitter wenye viungo kama bilioni moja na nusu na duru 20, Spark kwa viini 128 ilichukua sekunde 857, na GraphX kwa viini 128 ilichukua 419. Kompyuta yao mpakato, kwa kiini kimoja, ilichukua 300. GraphLab ndiyo iliyowashinda, kwa sekunde 249 na viini 128. Naitaja pia, maana kuificha kungekuwa kufanya yaleyale.

Kitu cha kuzingatia ni kwamba namba za mifumo hiyo hawakuzitunga. Walizitoa katika makala zilizokwisha kuchapishwa, zilizokwisha kupitiwa. Uchunguzi wao ungeweza kufanywa na mhakiki yeyote mwenye kompyuta mpakato na alasiri mbili tatu za kazi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, haya ndiyo maandishi yenye nguvu zaidi kati ya matatu. Bailey anatuchekesha, Hoefler na Belli wanatufundisha, lakini McSherry na wenzake walikaa kwenye kiti cha mhakiki na kuifanya kazi yake, ingawa kwa kuchelewa.

Nikirudi kwenye ile nusu saa yangu, naona yale ambayo ningeweza kuyafanya bila mashine yoyote. Ningehesabu duru, kama nilivyofanya hapo juu, kwa kalamu. Ningeuliza programu ilisimama lini, kwa sababu njia za kurudiarudia hazina mwisho wa asili. Mtu ndiye anayeamua kosa dogo kiasi gani linatosha, na ukiiruhusu njia moja isimame mapema kuliko nyingine umekwisha kuamua nani atashinda mbio. Ningeuliza sekunde, si uwiano tu. Uwiano una tabia moja ya ajabu: kadiri programu ya kiini kimoja inavyoandikwa vibaya, ndivyo unavyopendeza. Mwaka 2010 watafiti wa Intel walilionyesha jambo hilo kwa upande wa kadi za michoro. Kulikuwa na makala nyingi zilizodai kwamba kadi hizo zinaipita prosesa ya kawaida kwa mara 100 na zaidi. Wao waliandika upya kazi 14 kwa uangalifu pande zote mbili, na pengo likashuka hadi wastani wa mara 2.5. Bila shaka Intel huuza prosesa, kwa hiyo hata hapo mhakiki mwema angetega sikio. Lakini walisema walilinganisha nini na nini, na mtu angeweza kuwapinga kwa kipimo.

Wapo watakaosema: basi mhakiki apewe programu, aiendeshe mwenyewe, yaishe. Nami nilisema hivyo kwa wiki nzima mpaka nilipojaribu. Kujumlisha kwenye kompyuta hakufuati kanuni tuliyofundishwa shule ya msingi. Katika namba za biti 32, ukichukua milioni 100, ukaongeza 1, kisha ukatoa milioni 100, unapata 0. Anza kwa kutoa, kisha uongeze 1, unapata 1. Prosesa nyingi zinapojumlisha pamoja, mpangilio unaweza kubadilika kutegemea nani amemaliza kwanza, na tarakimu za mwisho zinabadilika nao. Kwa hiyo mhakiki anayedai jibu lilelile hadi tarakimu ya mwisho anaweza kuikataa kazi iliyo sahihi kabisa. Anapaswa kujua kosa gani linavumilika kwa tatizo lile, na hilo linahitaji kusoma zaidi kuliko kubonyeza kitufe.

Jarida la ACM Transactions on Mathematical Software limejaribu jambo la kati na kati. Mwaka 2015, chini ya uhariri wa Michael Heroux, lilianzisha utaratibu wa hiari ambapo mhakiki maalumu hushirikiana na waandishi kuyapata upya matokeo yao ya hesabu, kisha huandika ripoti yake, na ripoti hiyo huchapishwa ikiwa na jina lake. Makala ya kwanza kupitia njia hiyo ilihusu BLIS, programu za msingi za hesabu za matriki. Kinachonivutia si kuendesha programu. Ni jina.

Najua usiri una kazi yake. Mhadhiri kijana anayeipinga kazi ya profesa mwenye kauli katika ajira anahitaji kufunikwa, na katika vyuo vyetu hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Lakini blanketi hilohilo linamfunika mvivu. Kwa upande wangu ningetenganisha: anayekataa afichwe, anayekubali atajwe. Ukishauri makala ichapishwe, jina lako liwe pale chini, ili mtu akiuliza "ikilinganishwa na nini" pawe na wawili wa kujibu. Mhadhiri wetu mmoja aliniambia kwamba wahakiki wangeogopa kukubali chochote, na watakaoumia ni waandishi wasiojulikana, kama sisi. Sina jibu kamili kwa hoja hiyo. Isitoshe, fomu yangu ilikuwa na sahihi, na bado niliandika "matokeo yanaridhisha". Sahihi ile ilikwenda kwenye faili, hakuna aliyeisoma. Nadhani ingekuwa tofauti kama ningejua kwamba nitasimama naye ukumbini. Na fomu haina mahali popote panapouliza msingi wa ulinganisho. Ina mahali pa kupima usafi wa kazi na tahajia. Nimemwandikia mhadhiri kuomba mstari mmoja uongezwe. Amesema ataufikiria.

Rafiki yangu ameiandika upya kazi yake kwa konjugeti gradienti. Amegundua kwamba katika kila duru viini vyote vinne vinalazimika kukutana mara mbili ili kujumlisha, na kila mkutano ni kusubiriana. Kwa hiyo kasi imeshuka: viini vinne vinatoa mara 2.1 tu, na mstari wa mchoro umelala. Jana aliniletea ripoti kantini, akaiweka mezani kando ya chai. "Haya, sasa soma," akasema, akakaa kunitazama.

Safari hii nilianza na jedwali. Safu ya kwanza ni sekunde za kiini kimoja, Jacobi na konjugeti gradienti zikiwa bega kwa bega, na chini yake ameandika kosa lililomfanya asimamishe kila moja. Ni lilelile. Nimemwomba na faili la programu, niiendeshe mwenyewe Jumamosi maabara ikifunguliwa. Sahihi bado sijatia.